Mkopo umekwisha, usingizi haujarudi

Swali: Shikamoo daktari. Mimi ni mama lishe, nina miaka 46, niko Temeke, Dar es Salaam. Mwaka jana nilichukua mkopo wa kausha damu, nikawa silali kwa mawazo ya marejesho. Namshukuru Mungu deni nimelimaliza tangu mwezi wa tatu, lakini usingizi haujarudi. Naingia kitandani saa tatu usiku, usingizi unakuja saa tano. Saa nane kamili macho kodo! Nageuka na kugeuka mpaka saa tisa na nusu, na nikishapitiwa tu simu inaita, saa kumi na moja, niamke nikakande unga wa chapati. Wateja wa mchana wakiisha najilaza kwenye mkeka, saa tisa mpaka saa kumi na nusu hivi. Nilianza na Piriton kimoja, sasa nameza vitatu. Kuna siku naamka nimelowa jasho. Jirani anasema kuamka saa nane kila siku ni majini. Mume wangu anasema godoro limechakaa, tununue jipya. Nifanyeje?

Jibu: Marahaba, mama. Pole na usiku mrefu, na hongera kwa kutoka kwenye kausha damu na makochi yako yakiwa bado sebuleni. Si wote waliotoka hivyo.

Katika barua yako yote, neno lililonishika ni hilo la deni kwisha mwezi wa tatu. Watu wengi wanaokuja kwangu wanatafuta kilichowaharibia usingizi, wakiamini kikiondoka tu usingizi utarudi wenyewe. Wewe kimeshaondoka na bado unahesabu bati. Ina maana kilichouanzisha ugonjwa wako na kinachouendeleza leo ni vitu viwili. Mtaalamu mmoja wa usingizi wa Marekani, Arthur Spielman, alilipanga jambo hili vizuri katika miaka ya 1980: kuna watu wanaozaliwa na usingizi mwepesi, kuna tukio linalokuja kuutibua, halafu kuna yale tunayoyafanya wenyewe kujiokoa, na hayo ya mwisho ndiyo yanayougeuza usiku mbaya wa wiki mbili kuwa wa miezi saba. Kwako tukio lilikuwa deni. Kinachokuweka macho sasa ni jinsi unavyouwinda usingizi: unalala mapema ili uuwahi, unaufidia mchana, unaumezea vidonge, na saa nane unachungulia simu uone umebakiza muda gani.

Sisemi hivyo kukulaumu. Kila mtu mwenye akili timamu angefanya hivyo hivyo, na ndiyo maana tatizo hili limejaa.

Tupige hesabu, maana wewe ni mfanyabiashara. Kuanzia saa tatu usiku mpaka saa kumi na moja alfajiri unakaa kitandani masaa manane. Unalala masaa matatu ya kwanza, kisha lisaa limoja na nusu la mwisho. Jumla manne na nusu. Mkekani unaongeza lisaa limoja na nusu. Kwa siku, basi, unalala masaa sita, yaliyokatwa vipande vitatu. Hayatoshi, kwa kuwa mtu mzima wa umri wako anahitaji masaa saba au zaidi, lakini si kweli kwamba hulali. Usingizi unao, ila umemwagika huku na huku.

Usingizi una njaa yake kama tumbo. Tangu unapofumbua macho asubuhi, ubongo unakusanya kemikali iitwayo adenosini, na kadiri inavyozidi ndivyo unavyolemewa. Ukilala, inafutika. Sasa fikiria mteja aliyekula mihogo na chai saa kumi jioni, umpelekee sahani ya wali maharage saa mbili usiku: ataichokoachokoa tu. Mkeka wako wa saa tisa ndiyo hiyo mihogo. Na chai ya rangi unayoonja toka asubuhi pale jikoni (hukuiandika, lakini sijaona mama lishe asiye na chupa yake ya chai) ina kafeini, ambayo kazi yake ni kuikalia adenosini kiti chake ili ubongo usiisikie. Kafeini haitoki haraka: baada ya kama masaa matano nusu yake bado iko mwilini. Kikombe cha saa kumi na mbili jioni bado kinakukesha saa tano usiku. Kunywa chai yako mpaka saa saba mchana, basi. Hata kahawa ya kijiweni anayokuletea mzee baada ya Isha, mwachie mwenyewe.

Twende kwenye saa nane, maana nahisi ndiyo inayokutisha. Usingizi si gogo moja. Unakwenda kwa mizunguko ya kama dakika 90, na ule mzito, wa kubebwa usijue, uko zaidi kwenye masaa ya mwanzo. Ukilala saa tano, ikifika saa nane ule mzito mwingi umeshapita, na kuanzia hapo mwili unaelea juu juu. Kila mtu huamka kidogo nyakati hizo, hugeuka, akavuta shuka, akalala tena, asubuhi hakumbuki. Tofauti yako ni kwamba ukiamka unashtuka, unatazama saa, na moyo unaanza kwenda mbio. Mwaka jana ulikuwa ukiamka wakati huo ukiwaza marejesho, mwili ukajifunza: huu ndio wakati wa kuwa macho. Mwili ni hodari sana wa kukariri saa. Mwanafunzi wa bweni huamka dakika moja kabla ya kengele, wala hajaamshwa na mtu.

Kuna utafiti uliofanyika hapa hapa Tanzania, kwa Wahadzabe wa karibu na Ziwa Eyasi, ukachapishwa mwaka 2017. Watu wazima 33 walivalishwa vifaa mkononi vya kupima usingizi kwa siku 20. Katika masaa zaidi ya 220 yaliyoangaliwa, muda ambao wote 33 walikuwa wamelala kwa pamoja ulikuwa dakika 18 tu. Daima kulikuwa na mtu aliye macho, au anayegeuka, au anayesinzia nusu nusu. Na hawakuwa wakilalamika kwamba ni wagonjwa. Mimi hilo huwasimulia wagonjwa wangu si kwa ajili ya kuwafanya warudi porini. Ni ili wajue kuamka usiku wa manane ni jambo la binadamu. Kinachouma ni vita inayofuata baada ya kuamka.

Kuhusu majini, jirani yako usigombane naye. Angeniambia unakabwa usiku, unaona kitu kimekukalia kifuani na huwezi kupiga kelele, ningemwelewa zaidi kwa nini anafikiri hivyo, kwani jinamizi linatisha kweli. Hata hilo lina maelezo: tukiwa ndotoni ubongo hulegeza misuli tusije tukaruka na ndoto zetu, na mara nyingine akili huamka kabla misuli haijafunguliwa. Huja zaidi kwa mtu asiyelala vya kutosha, hasa akilala chali. Lakini wewe hata hilo hukulitaja.

Sasa kitanda. Jioni saa mbili, ukiwa kwenye kiti mbele ya taarifa ya habari, unasinzia, kweli au uongo? Ukiingia kitandani macho yanakuwa makavu. Niliwahi kuwa na mgonjwa, dereva wa daladala mstaafu, aliyeapa kwamba hajalala miezi minne. Nilipotoka kumwita nilimkuta kwenye benchi la nje analala fofofo, mdomo wazi, katikati ya kelele za watoto waliokuja chanjo. Mwili wake ulikuwa hauna tatizo la kulala. Kitanda ndicho kilichokuwa kimekuwa mahali pa kuwaza. Mtaalamu aitwaye Richard Bootzin alipendekeza mwaka 1972 tiba inayoonekana kama mzaha: ingia kitandani ukiwa na usingizi tu, usipoupata toka, na kitanda kisitumike kwa lingine zaidi ya kulala na tendo la ndoa. Hakuna kuhesabu mauzo pale, hakuna magrupu ya kikoba kwenye simu. Zaidi ya miaka 50 imepita na bado ni miongoni mwa tiba zenye nguvu kuliko vidonge. Mwaka 2016 chama cha madaktari wa magonjwa ya ndani cha Marekani kilishauri kwamba mtu mzima mwenye tatizo la kudumu aanziwe tiba ya aina hii ya kubadili tabia na fikra za usingizi, dawa zije baadaye kama zitahitajika. Tatizo huhesabiwa la kudumu likiwa usiku tatu au zaidi kwa wiki, kwa miezi mitatu. Umo.

Basi fanya hivi, na ujue mapema kwamba wiki mbili za mwanzo utanilaani.

Saa yako ya kuamka ibaki saa kumi na moja alfajiri, kila siku, Jumapili pia, hata kama usiku ulikuwa wa hovyo. Saa ya kuingia kitandani iwe saa tano na nusu usiku. Naam, saa tano na nusu, si saa tatu. Ninakupa masaa matano na nusu tu ya kitanda, sitakupa pungufu ya hapo, na mkeka wa mchana unaukunja. Njaa ya usingizi ijikusanye siku nzima, uikabidhi usiku kwa mara moja. Ukiona wiki nzima umelala sehemu kubwa ya muda huo, yaani kukaa kwako macho kitandani kwa jumla hakuzidi kama dakika 45 kwa usiku, sogeza saa ya kulala nyuma kwa robo saa: saa tano na robo. Wiki ijayo ikienda vizuri, saa tano kamili. Ikiharibika, baki ulipo, usirudi kwenye saa tatu. Kwa mwendo huo saa nne usiku, ambayo ndiyo masaa yako saba, utaifikia baada ya wiki sita au zaidi kidogo.

Kazi ngumu itakuwa kati ya saa tatu na saa tano na nusu. Usikae kwenye lile kochi linalokusinzisha. Osha vyombo ukiwa umesimama, panga vitu vya kesho, kaa barazani na majirani. Na kwa kuwa utakuwa na usingizi mchana, mafuta ya moto na kisu mwachie anayekusaidia kwa wiki hizo mbili. Usinipe sababu ya kukushonea vidole. Ukizidiwa kabisa, lala dakika 20 tu, ziwe zimekwisha kabla ya saa tisa alasiri, na simu ikuamshe. Yeyote mwingine anayesoma hapa akiwa ana kifafa, au amewahi kuugua akili kwa kuchangamka kupita kiasi, au anaendesha gari au bodaboda kwa riziki yake, asijipunguzie muda wa kitanda mwenyewe bila kuonana na daktari.

Ukiamka saa nane usiangalie saa. Simu iweke juu ya kabati, kifudifudi, mbali na mkono. Itaita yenyewe saa yake. Ukihisi umekaa macho kama dakika 20, kwa kukisia tu, toka kitandani. Vitabu husema nenda chumba kingine, na nafahamu wengi wetu tuna chumba kimoja na watoto wamelala chini. Kigoda kinatosha. Keti mgongo ukiuelekea ukuta, taa iwe hafifu, ushike kazi ya mkono isiyo na akili. Wewe una bahati, kazi hiyo unayo: chambua maharage ya kesho. Menya vitunguu saumu. Mwingine anavuta tasbihi au rozari, nayo ni sawa, mradi usiombe kama mtu anayedai risiti ya usingizi. Kope zikianza kuwa nzito, rudi. Usipolala tena, toka tena. Usiku wa kwanza unaweza ukatoka mara nne. Sinia la maharage litakuwa safi.

Mawazo nayo yapewe saa yake. Una daftari la wanaokula kwa mkopo? Fungua kwa nyuma. Saa kumi na mbili jioni, kwa dakika kumi na tano, andika kila kinachokusumbua na mbele yake hatua moja ya kesho. "Ada ya Novemba: kumuuliza mhasibu kama wanapokea nusu." Lisilo na hatua, andika "sina la kufanya wiki hii". Likija saa nane usiku, utalijibu kwamba limeshaandikwa. Inaonekana kama mambo ya shule ya msingi, lakini akili hushikilia kile inachoogopa kukisahau.

Piriton. Hiyo ni dawa ya mafua na mzio, kusinzia ni madhara yake tu, na mwili huyazoea madhara hayo ndani ya siku chache. Ndiyo maana kimoja kimekuwa vitatu, na kesho ungefika vinne. Asubuhi dawa bado imo, kichwa kizito, mdomo mkavu. Punguza kidonge kimoja kila baada ya siku nne au tano mpaka viishe. Usiku mmoja au miwili utasumbuka, vumilia. Nimefurahi hukufika kwenye Valium, ambayo watu wanauziana kama pipi. Hiyo inashika, na aliyeizoea akiiacha ghafla anaweza kupata degedege, kwa hiyo anayeitumia kila siku asiiache bila daktari kumpangia namna ya kushuka. Pombe isikushawishi pia: inawahi kulaza, halafu nusu ya pili ya usiku inaukatakata usingizi, na hapo ndipo penye shida yako tayari.

Jasho sitalipita haraka, kwa sababu ratiba yoyote haitamsaidia mtu mwenye ugonjwa ambao haujapimwa. Kwa miaka 46, jambo la kwanza ninalolifikiria ni hedhi kuelekea kukoma. Kama siku zako zimeanza kuyumba, na jasho linakuja na joto la ghafla linalopanda kifuani hadi usoni, huenda ni hilo, na lina matibabu, usiambiwe tu "ni umri". Lakini jasho la usiku likifuatana na kikohozi cha wiki mbili au zaidi, homa za jioni, au nguo kukupwaya, nenda kapime kifua kikuu. Katika vituo vya serikali vipimo na dawa zake ni bure. Moyo kwenda mbio, mikono kutetemeka na kukonda huku unakula, tuangalie tezi ya shingo. Na bila shaka linaweza kuwa joto la Dar tu, chini ya bati lililopigwa na jua mchana kutwa.

Ukiwa huko zahanati, waambie wakupime presha, sukari na damu. Damu nina sababu nayo. Wanawake wa umri wako ambao hedhi inatoka nyingi hupungukiwa madini ya chuma, na upungufu huo huleta miguu isiyotulia: ukilala tu inakuwa kama ina wadudu wanaotembea ndani, ukiinuka ukatembea inaacha. Hilo halitibiwi kwa ratiba. Na muulize baba watoto, bila aibu: je, unakoroma, kisha unanyamaza kama pumzi imekatika, halafu unashtuka ukihema? Kama ndiyo, hasa ukiwa na mwili mnene, presha isiyoshuka na kichwa kinachouma asubuhi, hiyo ni njia ya hewa inayojifunga usingizini, na dawa za kulaza zinaweza kuifanya iwe mbaya zaidi. Kama kuna dawa nyingine unameza, zitaje. Za presha za kukojoza zikinywewa jioni zinakuamsha kwenda chooni, na predinisoloni (dawa ya kutuliza mzio na uvimbe wa mwilini) ikimezwa usiku inakesha na mwenyewe.

Kuna jingine hukuniambia nami siwezi kuliona kwa barua. Mtu anayeamka kabla ya alfajiri kila siku, na mchana hana hamu hata ya vile alivyovipenda, analia bila sababu, anajiona mzigo, huyo huenda ana sonona, na usingizi ni dalili mojawapo tu. Ukiwa umewahi kufikiria afadhali usingekuwepo, usisubiri wiki sita zangu. Mwambie mumeo leo, mwende hospitali leo.

Chumba chenyewe hakihitaji makubwa. Mwili hushuka joto kidogo ili ulale, na chumba cha moto kinauzuia. Oga maji ya uvuguvugu lisaa limoja hivi kabla ya kulala, maana ngozi ikipata moto kidogo hutoa joto la ndani, fungua dirisha lenye wavu, na chandarua usikitoe hata kikikubana. Malaria ni adui mkubwa kuliko joto. Mtaa wenu ukiwa na kigodoro mpaka majogoo, pamba masikioni, na usiku huo usiuhesabu unapopima wiki yako.

Godoro mwambie baba asubiri. Kama la sasa limebonyea katikati mpaka mnakutana bila kupanga, au mnaamka na migongo inauma, litafika zamu yake. Lakini kwa hela ya leo, kama feni hamna, nunueni feni.